Nani Kaua Hotelini? Majibu kwa Wanaoandika Riwaya za Upelelezi

Barua nyingi za safari hii zinazunguka kisa kimoja: wageni wamekusanyika hotelini Mombasa kwa wikendi yenye mada maalumu, na kabla ya chai ya Jumapili mmoja wao ameshakufa. Tumechagua maswali ambayo majibu yake yatamfaa hata mwenye mswada wa aina nyingine. Waliouliza habari za wachapishaji watuwie radhi, hayo ni ya toleo lijalo.

Hoteli yangu ni ya kubuni, iko ufuoni Bamburi. Wageni 30 wamelipia wikendi ya mchezo wa mauaji: mwigizaji "anauawa" Ijumaa usiku, nao wanamsaka muuaji hadi Jumapili. Jumamosi mtu anakufa kweli. Rafiki aliyesoma mswada anasema mchezo huo ni pambo tu. Ana maana gani?
*Mwandishi chipukizi, Kisauni*

Ana maana kwamba ukiufuta mchezo, kifo kinabaki vilevile. Jipime hivi: toa mchezo, weka semina ya chama cha akiba na mikopo. Kama muuaji bado anaweza kuua saa ile ile, kwa njia ile ile, na kujificha pale pale, mada yako haifanyi kazi yoyote. Mada ni sharti impe muuaji kitu ambacho wikendi ya kawaida isingempa.

Na mchezo wa mauaji unatoa kingi. Mtu akionekana amelala sakafuni na wekundu kifuani, watu watapiga makofi. Hakuna atakayeita daktari kwa dakika 10 au 20, kila mtu atapita juu ya ushahidi akijidai mpelelezi, na mashahidi 30 wataapa kwamba "maiti" ilikuwa inapumua, kwa sababu walitarajia ipumue. Halafu kuna damu. Ile ya maigizo hutengenezwa kwa sharubati nzito ya sukari na rangi ya chakula. Haigandi, hubaki nyekundu, na ikiachwa barazani usiku wa joto, sisimizi hawachelewi kuizunguka. Damu ya kweli huanza kuganda baada ya dakika chache, hukauka ikawa kahawia, na wageni wake ni nzi. Mfagiaji anayeingia alfajiri na kuona safu ya sisimizi upande mmoja wa zulia na nzi upande wa pili ameshaona madoa mawili tofauti, hata kama hajui maana yake.

Wageni 30 ni wengi mno. Wape majina na siri sita au saba tu. Waliobaki waende kwa makundi: wale walimu wa Voi, yule bwana na bibi wanaogombana kuhusu picha. Msomaji hawezi kuwashuku watu 30, atawasahau.

Katika riwaya za Ulaya theluji hufunga njia. Nimefikiria feri ya Likoni iharibike. Itatosha?
*Msomaji, Likoni*

Haitoshi, na msomaji wa Mombasa atakuwa wa kwanza kucheka. Hoteli ikiwa Nyali, Bamburi au Shanzu, feri haiwahusu. Ikiwa Diani, siku hizi iko barabara ya Dongo Kundu inayomfikisha mtu Kwale bila kuigusa feri, na Ukunda kuna kiwanja cha ndege. Hata mvua kubwa ya Mei inapojaza maji barabarani, bodaboda atapata pa kupita, bei tu ndiyo itapanda.

Usifunge njia. Fanya kila mtu awe na sababu ya kutotaka kuondoka: mmoja anangoja zawadi, mwingine keshalipia hadi Jumapili na tiketi yake ya treni ya Miritini ni ya Jumapili, wa tatu anaogopa kuonekana anakimbia. Simu nazo zikusanywe kapuni pale mapokezi kama sheria ya mchezo. Ila kumbuka wafanyakazi wana simu zao, kwa hiyo mtu mmoja jikoni anajua jambo saa nzima kabla ya wageni.

Ukitaka upweke, chagua Mei. Ni msimu mdogo. Hoteli nyingi huwa na wageni wachache, bawa zima linaweza kufungwa kwa ukarabati, vibarua wamesimamishwa kazi, na stima hukatika. Jenereta ikijiwasha yenyewe, giza ni la sekunde tu. Ikiwa ya kuwashwa kwa mkono, ni dakika kadhaa, na mwenye ufunguo wa chumba cha jenereta anaingia kwenye orodha ya washukiwa.

Daktari wangu anaingia chumbani saa tatu asubuhi, anamgusa marehemu na kusema, "Amekufa saa saba na dakika ishirini usiku." Mhariri amekataa sehemu hiyo yote. Kwa nini?
*Mama wa Mtwapa*

Mhariri wako yuko sawa, dada. Hakuna daktari anayeijua dakika. Atasema "kati ya saa tano na saa tisa," na hapo penye nafasi ndipo riwaya yako inapoishi, kwa hiyo usiizibe.

Anachotazama ni mambo matatu. La kwanza ni kukakamaa. Taya na shingo huanza kuwa ngumu baada ya saa 2 hadi 4, mwili mzima huwa umekakamaa baada ya saa 12 hivi, kisha hulegea kuanzia saa 24 hadi 36. Joto huharakisha mambo hayo, baridi huyachelewesha. La pili ni damu kutuama. Mabaka ya rangi ya zambarau hujitokeza sehemu za chini za mwili ndani ya saa mbili za mwanzo, na baada ya saa 8 hadi 12 hayahami tena. Maiti iliyolala chali huku mabaka yako kifuani imegeuzwa na mtu. La tatu ni kupoa, na hapa Mombasa ina ukaidi wake. Kanuni ya vitabuni ni kama nyuzi 1 hadi 1.5 kwa saa, lakini hiyo ni ya nchi za baridi. Usiku wa Machi chumba kisicho na kiyoyozi kiko karibu nyuzi 30, mwili hauna pa kupelekea joto lake, na kipimajoto hakisemi mengi.

Sasa washa kiyoyozi, nyuzi 18. Mwili unapoa upesi, kwa hiyo kwa kipimajoto unaonekana umekufa mapema zaidi. Wakati huo huo ukakamavu unachelewa, kwa hiyo kwa taya unaonekana umekufa baadaye. Vipimo viwili vinapingana: mwili baridi sana, taya bado laini. Daktari mvivu atachagua kimoja. Mpelelezi wako atauliza kwa nini vinapingana ilhali chumba kina joto na kiyoyozi kimezimwa.

Hapo ndipo hoteli inapokusaidia. Vyumba vingi vina kijisanduku ukutani karibu na mlango. Mgeni huchomeka kadi ndipo umeme uwake, akiitoa, taa na kiyoyozi huzimika muda mfupi baadaye. Vijisanduku vya bei rahisi havibagui kadi. Hata ya duka kuu inakubaliwa. Mgeni alipewa kadi mbili. Moja imo mfukoni mwa marehemu, ya pili iko juu ya meza. Basi usiku kucha ni kadi gani iliyokuwa ukutani, na nani aliichomoa asubuhi?

Muuaji anaweza kufungua madirisha na chumba kikapata joto ndani ya saa moja. Kitu asichoweza kukirudisha ni maji. Kwa unyevu wa hewa ya Pwani, kiyoyozi kilichofanya kazi usiku kucha hutona maji mengi kupitia bomba lake dogo la nje. Mtunza bustani anayefika saa kumi na mbili ataona chini ya bomba la chumba hicho udongo umelowa chapachapa, na chini ya vyumba vilivyofungwa ni mkavu. Mwache alione hilo katika sura ya nne, akilalamika kwamba maji yanaozesha maua yake. Mpelelezi alikumbuke katika sura ya kumi na tisa. Angalia tu usiku huo mvua isinyeshe, maana ukishaweka riwaya Mei utakuwa umejiharibia kidokezo mwenyewe. Ukitaka mvua, bomba litonee barazani palipoezekwa.

Mpelelezi wangu anaangalia kompyuta ya mapokezi na kuona nani aliingia na kutoka chumba 214. Ni sawa?
*Mwanafunzi, Tudor*

Nusu. Kufuli nyingi za kadi hutumia betri na hazijaunganishwa na kompyuta. Kumbukumbu imo mlangoni mwenyewe, na fundi huja na kifaa chake kuisoma. Huandika kadi iliyofungua kutoka nje na saa yake. Anayetoka huzungusha kitasa tu, na kwa kawaida hakuna kinachoandikwa. Kwa hiyo utapata walioingia bila kujua walitoka lini, na hiyo ni neema kwako.

Kumbukumbu ikionyesha kadi ya msafishaji, inaitambulisha kadi tu, haimtambulishi aliyeishika. Saa ya kufuli nayo huweza kwenda mbele au nyuma kwa dakika kadhaa. Mpelelezi makini huilinganisha na saa yake kabla ya kumshtaki mtu. Komeo la ndani likifungwa, kadi ya mgeni na ya msafishaji zote hukataa. Inayofungua ni kadi ya dharura, ambayo hukaa chini ya ulinzi wa meneja au mkuu wa usalama. Msomaji ajulishwe mapema kwamba kadi hiyo ipo. Ukimwambia katika sura ya mwisho, umemdhulumu.

Jumamosi ni "Usiku wa Mji wa Kale": fanusi, taarabu, muuza kahawa na dele lake. Nataka marehemu afe kwa sumu ya mishale iliyotiwa kwenye kahawa.
*Msomaji, Majengo*

Badilisha sumu. Ile ya mishale hutokana na miti ya jamii ya Acokanthera, na kiini chake, wabaini, huua kwa kupitia jeraha. Kikimezwa, kinachofika kwenye damu ni kidogo. Mfamasia yeyote atakitupa kitabu chako. Isitoshe, sumu hiyo huishia kumtia hatiani mzee wa Kimijikenda asiye na jina, na wasomaji wamechoka na mzee huyo.

Dele lenyewe ndilo zuri. Wote wanakunywa kutoka chombo kimoja, na muuza kahawa mwenyewe hunywa, kwa hiyo sumu haimo deleni. Inabaki kikombe. Tazama mkono wake: vikombe vidogo visivyo na mkono vinagongana vidoleni, kimoja kinasuuzwa ndooni, kinamiminiwa, kinatolewa, kinarudi. Baina ya ndoo na mdomo wa marehemu, kikombe kilipita mikono mingapi? Duara hilo la watu wanne au watano ndilo fumbo lako. Tungependa pia ulieleze mara mbili: mara ya kwanza kama starehe, mara ya pili polepole, mkono kwa mkono.

Ukitaka kifo cha mezani kinachofanana na ajali, yuko samaki bunju. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Midomo na ulimi hufa ganzi, mara nyingi ndani ya dakika 20 hadi saa 3, kisha viungo hulegea, na mgonjwa anaweza kubaki na akili zake timamu huku pumzi ikimshinda. Dawa ya kuipinga hakuna, husaidiwa kupumua kwa mashine. Ila wavuvi wote wanamjua bunju na hakuna mpishi wa Pwani atakayempika kwa bahati mbaya, kwa hiyo "ajali" itazua maswali asubuhi hiyo hiyo. Hoteli kubwa huhifadhi sampuli za kila chakula kwenye friji kwa siku mbili tatu, kila kopo na tarehe yake. Kopo moja likikosekana, msomaji atajua pa kutazama. Na usimpe sumu mtu anayejipakulia mwenyewe kwenye meza ya wote, muuaji hana njia ya kujua atachota wapi.

Mgeni wangu anaogelea mbele ya hoteli usiku wa mbalamwezi, anazama saa nne, maiti inaonekana ufuoni alfajiri.
*Msomaji, Nyali*

Usiku wa mwezi mpevu ni bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, na pwani ya Mombasa bamvua hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku, na kujaa karibu saa kumi. Saa nne ya usiku huo maji baina ya mchanga na mwamba yameondoka, watu wanatembea na tochi kutafuta pweza. Angezama wapi?

Una njia mbili. Hamisha kifo hadi saa kumi alfajiri. Au, na hii ndiyo tunayoipenda, yaache maneno yalivyo lakini yatie kinywani mwa shahidi kutoka bara asiyejua bahari. Mvuvi akisikia atanyamaza tu, na msomaji atajiuliza amenyamazia nini. Ukihitaji maji mengi saa nne usiku, tumia siku za nusu mwezi. Hayo ni maji mafu, hujaa karibu saa hizo, ila tofauti ya kupwa na kujaa ni kama mita moja, wakati bamvua hupita mita tatu. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50. Pata jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari la mwaka wa riwaya yako, tarehe zako zilingane nalo.

Aliyezama kwenye kina huzama kwanza. Katika maji ya joto huibuka baada ya siku mbili tatu. Akionekana asubuhi ile ile, maji yalikuwa machache au hakufia baharini. Mpelelezi autazame mstari wa mwani na takataka unaoachwa na maji yakijaa. Maiti iliyo upande wa juu wa mstari huo haikuletwa na bahari.

Kwa mada hiyo hiyo ya Mji wa Kale wageni wanawake wote wamevaa buibui na nikabu. Muuaji mwanamume anajificha humo. Ni wazo jipya?
*Msomaji, Kongowea*

Ni la zamani, tena halifiki mbali. Mombasa wanawake hutambuana kwa mwendo, kwa viatu, kwa udi uliofukizwa nguoni. Tazama mikono badala yake. Hina ya majani hukaa mkononi kwa saa kadhaa, na anayepakwa hawezi kushika kitu, kwa hiyo ni ushahidi mzuri wa mahali alipokuwa. Ikibanduliwa huwa ya chungwa, kisha hukolea kwa siku moja hadi mbili ikawa nyekundu ya kahawia. Ikikutana na maji mapema, hupauka. Bibi anayedai alikaa na hina mbichi Ijumaa yote jioni, na Jumapili asubuhi viganja vyake ni vya chungwa, tena kimoja kina baka, ameitia Jumamosi usiku na ameosha mkono mmoja. Angalia isiwe piko, maana hiyo hutoka nyeusi na haina hatua hizo.

Mpelelezi wangu ni mwalimu mstaafu aliyekuja kustarehe. Polisi waje lini?
*Msomaji, Mikindani*

Mapema. Kifo cha ghafla huripotiwa kituoni na kuandikwa kwenye OB, daftari la matukio. Wapelelezi wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, huja, chumba hufungwa, mwili hupelekwa mochwari kwa upasuaji. Sumu ikishukiwa, sampuli huenda kwa Mkemia wa Serikali, na majibu huchukua wiki, hayaji siku ile ile. Mwalimu wako hawezi kuchukua alama za vidole wala kuomba kumbukumbu za simu. Anachoweza ni kukaa na mhudumu wa vyumba anayesafisha zaidi ya vyumba 10 kwa siku na kujua nani hakulalia kitanda chake.

Kama marehemu ni Mwislamu, una saa inayogonga bila kuibuni. Familia itataka kuzika haraka, upasuaji utachelewesha, na ndugu anayesukuma sana maziko anaweza kuwa mcha Mungu tu au anaweza kuwa na lake. Usiamue mapema. Na mpe mwalimu mtu wa kuzungumza naye: mwandishi Muhammed Said Abdulla alimpa mpelelezi wake Bwana Msa mwenzake, Najum, na kazi kubwa ya mwenza wa namna hiyo ni kuuliza lile ambalo msomaji anataka kuuliza.

Vidokezo navificha vipi bila kudanganya?
*Msomaji, Bombolulu*

Kionyeshe mbele ya macho, lakini katikati ya vitu vitatu, na cha mwisho kivutie zaidi. "Mezani palikuwa na funguo za gari, kadi ya duka kuu na kashata iliyoumwa nusu." Wote watashughulika na kashata. Kidokezo kikuu kitokee mara mbili, sehemu zilizo mbali, mara ya pili mdomoni mwa mtu anayelalamikia jambo jingine. Ronald Knox, mwandishi wa riwaya za upelelezi, katika kanuni zake kumi za 1929, alimkataza mpelelezi kuficha kidokezo alichokiona, na alikubali njia ya siri moja tu kwa kitabu kizima. Hotelini hata hiyo moja huna haja nayo. Ngazi ya nyuma ya wafanyakazi inatosha, na wageni hawaioni kamwe.

Kabla ya kuandika sura ya kwanza, chora ratiba: majina upande mmoja, dakika 15 kwa 15 upande wa pili, kuanzia Ijumaa jioni. Penye pengo la muuaji lazima pawe na mapengo ya wengine wawili angalau.

*Kwa msomaji wa Changamwe aliyeuliza kuhusu saa:* mazungumzo yaandike kwa saa za Kiswahili. Karatasi ya kufuli na rejista ya lango ziandike 22:10, kama zinavyochapishwa. Mhusika akizisoma kwa sauti, aseme saa nne na dakika kumi.